Kalunguyeye wetu amegoma kukimbia

Shikamoo Shangazi,

Naomba usinicheke. Najua wanaokuandikia wana kuku wasiotaga na mbwa wanaobwekea mwezi. Mimi nina kalunguyeye, kale kamnyama kadogo kenye miiba.

Hatukumtafuta. Nyumba ya uani tulikuwa na mpangaji, Mholanzi, na mkataba wake wa kazi ulipoisha mwezi wa kumi na moja aliondoka na masanduku mawili, akatuachia jiko la gesi, godoro na huyu mnyama ndani ya kizimba chake. Wanangu walikuwa wameshamzoea, wanamwita Sindano. Aliacha pia daftari. Humo kaandika uzito wake kila Jumapili, na wa mwisho ni gramu 390. Wiki iliyopita nilimweka kwenye mizani yangu ya kupimia unga wa keki, nikasoma 610. Mume wangu anasema hiyo ni afya. Mimi sina hakika, maana siku hizi akijikunja kuwa mpira uso haujifichi wote, unabaki unachungulia.

Shida kubwa ni gurudumu la kukimbilia. Lile alilokuja nalo mwanangu wa mwisho alilikalia mwezi wa nne, likapasuka. Tangu hapo nimehangaika. Duka moja mjini waliniuzia la plastiki, la waridi, dogo. Nimelipima kwa rula ya shule, ni sentimita 18. Akiingia humo anakimbia mgongo umebinuka, gurudumu linalia kwi-kwi-kwi mpaka mume wangu anahamia sebuleni. Shemeji yangu ni fundi wa kuchomelea kule mtaa wa Unga Limited. Akasema mnanunuaje vitu vya kitoto, akanitengenezea lake: sentimita 32, vyuma vyembamba vimepangwa kama ngazi, imara, hata ukilikanyaga halibonyei. Sindano alilikimbilia siku mbili. Ya tatu asubuhi nikakuta matone ya damu kwenye vyuma na ukucha wa mguu wa nyuma unaning'inia. Jingine nimeliona kwenye simu, linaagizwa kutoka nje, sentimita 30, lakini ukijumlisha usafiri na ushuru ni hela ya kununulia mbuzi.

Tangu lile la chuma, hakimbii tena. Usiku kucha amelala kwenye boksi lake. Mume wangu anasema anadeka. Juzi asubuhi nilipomshika, tumbo lilikuwa la baridi, amelegea, nikajua kafa. Nikamweka dirishani penye jua, na baada ya kama saa nzima akaanza kutembea akiyumba kama katoka kilabuni.

La mwisho ni vitafunwa. Muuza duka aliniambia hawa ni jamii ya panya, wanapenda nafaka na karanga. Basi watoto wanampa punje sita saba za karanga kila usiku, na parachichi linaloanguka uani, na maziwa kwenye kifuniko cha chupa, juu ya chakula chake cha paka. Jirani yetu Mhaya naye akamletea senene. Kabla hajala, akaanza kutoa povu mdomoni, akapinda shingo na kujipakaza lile povu mgongoni. Nilimnyang'anya nikamwosha. Ilikuwa sumu?

Nichukue gurudumu lipi, na nimpe nini cha kumfurahisha?

Mama Sindano, Njiro, Arusha


Marahaba mwanangu. Kucheka nimecheka, lakini ni kwa ajili ya shemeji yako. Nitamrudia.

Gurudumu lisubiri kidogo. Nilipofika pale pa tumbo la baridi niliweka kikombe cha chai chini. Huyo hakuwa anadeka, alikuwa anazimika. Kalunguyeye anayefugwa ndani anataka joto la nyuzi 24 hadi 29, usiku na mchana. Likishuka chini ya 20 mwili unaanza kujifunga: anazubaa, anaacha kula, anayumba kama ulivyomwona, mwisho anajikunja asiamke. Watu wa Moshi mjini wako bonde la chini lenye joto kuliko sisi wa Arusha, na wanaweza kupitisha miezi mingi bila kufikiria hili. Njiro mwezi wa saba, nje kuna nyuzi 12 au 13 usiku, na nadhani kizimba kiko chini kwenye saruji. Hapo hata wewe usingelala bila blanketi mbili. Nikikisia, gurudumu la chuma lilifika baridi ilipokuwa inaanza, kwa hiyo yamemkuta mawili kwa mpigo, ukucha na baridi, nanyi mkaona moja.

Leo hii nyanyua kizimba ukiweke mezani, mbali na dirisha na mlango. Funika pande tatu kwa blanketi, wa nne uache upitishe hewa. Nenda duka la dawa za mifugo ununue kipimajoto cha banda la vifaranga, ukiweke ndani ya kizimba anapolala. Cha ukutani kitakudanganya. Waulize pia taa ya kulelea vifaranga, lakini ile ya kauri inayotoa joto bila mwanga, kwa sababu ukimwashia taa inayong'aa atajua ni mchana na hatatoka kabisa. Ining'inize nje ya kizimba, upande mmoja tu, ili joto likimzidi awe na pa kukimbilia. Umeme ukikatika, chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kwenye taulo itamvusha usiku, ukiibadilisha ikipoa. Jiko la mkaa chumbani usithubutu. Hewa yake inaua watu wazima, sembuse mnyama wa nusu kilo.

Akilegea tena, usimtumbukize kwenye maji ya moto wala usimwanike. Mtie kifuani ndani ya sweta, apate joto polepole kutoka mwilini mwako, kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Na ukimpeleka aonyeshe ukucha pia. Unaoning'inia unatakiwa ukatwe vizuri na mahali pasafishwe, na asirudi kwenye gurudumu lolote mpaka papone.

Sasa tuje kwa muuza duka, maana makosa yote mawili, la gurudumu na la karanga, yametoka kwenye sentensi yake moja.

Kalunguyeye si panya. Wala si ndugu wa nungunungu, ingawa watu wengi wanawachanganya kwa ajili ya miiba. Nungunungu ni mtafunaji, kweli ni jamii moja na panya na kindi. Kalunguyeye yuko karibu zaidi na kirukanjia, yule mwenye pua ndefu anayepita pembeni mwa ukuta. Meno yake ni ya kuvunja magamba ya wadudu. Giza likiingia anatoka, anapita chini ya nyasi pua mbele, anaokota mende, kumbikumbi, jongoo, konokono, na anaweza kutembea kilomita kadhaa kabla ya alfajiri. Ni mwindaji. Mdogo, lakini mwindaji.

Halafu ni mwenyeji. Huyo anayefugwa Ulaya na Marekani asili yake ni kalunguyeye wetu wa Afrika, mwenye vidole vinne kwenye miguu ya nyuma, anayepatikana kuanzia Senegali hadi Tanzania na kushuka mpaka Zambia. Mwambie mwanao amhesabie. Mholanzi wako alikuja kufuga Arusha kitu ambacho mimi utotoni Tengeru nusura nikikanyage kila nikitoka chooni usiku.

Ukishalijua hilo, gurudumu linaacha kuwa kitu cha kuchezea. Umemfungia mtembezi kwenye sanduku. Hilo gurudumu ndiyo migomba yake, ndiyo njia yake ya usiku. Lile la waridi limetengenezwa kwa vipanya vya kufugwa vinavyotosha kwenye kiganja. Kalunguyeye mzima ana urefu wa sentimita 15 hadi 23 hivi. Muweke kwenye duara la 18, mgongo utapinda upende usipende. Usiku mmoja hauna neno, lakini miezi mitatu ni mateso. Mtazame ubavuni anapokimbia: mgongo uwe umelala, kichwa kitazame mbele. Kikitazama juu, gurudumu ni dogo. Anzia sentimita 28, na 30 ndiyo nzuri. Sehemu ya kukanyagia isipungue upana wa sentimita 10, na kwa kiuno alichonacho Sindano kwa sasa, ongeza mbili.

La shemeji, kipimo kakipatia, sakafu kaikosea. Kalunguyeye anakimbia kwa kunusa. Macho yake si ya kutegemea na haangalii anapokanyaga. Mguu unapenya kati ya chuma na chuma, gurudumu halimsubiri, linaendelea kuzunguka. Mmebahatika ukaondoka ukucha, wengine huvunjika mguu. Kwa hiyo la ngazi hapana, la wavu wa waya hapana, la plastiki yenye mianya hapana, na lenye chuma kinachokatiza katikati hapana. Kuna mtu atakushauri uvishe vile vyuma zulia. Usikubali: nyuzi za zulia hunasa kucha, na zulia hunywa mkojo. Ile mipira ya plastiki anayofungiwa mnyama ndani aibiringishe sebuleni, ukiiona dukani ipite tu.

Lile la kutoka nje ni zuri, sikatai. Ila hela ya mbuzi kaa nayo. Chukua ndoo.

Tafuta ndoo ya plastiki ngumu ya lita 20, mpya au iliyokuwa na mafuta ya kupikia. Ya rangi au ya dawa za shamba hapana, hata ukiisugua vipi. Nenda dukani na rula yako. Ndoo nyingi ni pana mdomoni na nyembamba kitakoni, na unachokitaka wewe ni kitako, kwa ndani, kifike 28. Ukikosa, beseni lenye ukuta uliosimama wima litafaa. Shemeji akate ukuta ubaki na kimo cha sentimita 12. Kitako kinakuwa mgongo wa gurudumu, na ukuta ndiyo barabara. Kingo azipige msasa mpaka ukipitisha shavu lako usikwaruzike, na usimlipe kabla hujapitisha shavu. Katikati ya kitako atoboe tundu la bolti ya milimita 8, na alipime kweli, kwa sababu likihama kidogo tu gurudumu litakwenda likichechemea. Beringi ni zile ndogo namba 608, za viatu vya magurudumu: tundu la ndani milimita 8, duara la nje 22. Mbili zinatosha. Azikaze kwenye kipande cha bomba, bolti ipite katikati, washa huku na huku, na nati isiyolegea yenyewe. Upande anaokimbilia Sindano, kichwa cha bolti kiwe bapa, kisichokwaruza.

Stendi sasa aichomelee yeye. Huko ndiko kipaji chake kiliko. Iwe na kitako kizito isitembee, na ilaze gurudumu nyuma kidogo tu, ili Sindano akisimama ghafla asimwagike nje. Kati ya gurudumu na stendi, na kati ya gurudumu na sakafu, pasiwe na nafasi ya kupenyeza mguu wala kichwa. Beringi hizo hazilii kwi-kwi, mumeo atarudi chumbani.

Jiandae kwa uchafu. Kalunguyeye anakimbia na kunya kwa pamoja, hana haya, na asubuhi utalikuta limepakwa duara zima. Usikasirike, hiyo ndiyo ripoti yako ya usiku. Gurudumu chafu, mnyama mzima. Gurudumu safi siku mbili mfululizo, kimbilia kipimajoto, kisha tazama miguu. Lioshe kila siku kwa maji ya moto na siki, uani au bafuni. Sinki la vyombo likae mbali, kwa sababu hawa wanyama hubeba vijidudu vya salmonela bila wao kuumwa. Watoto wanawe kwa sabuni kila wakimshika, na yule mdogo asimbusu, hata akililia. Miguu ya Sindano yenyewe ukiona imekauka uchafu, mwache atembee kwenye beseni lenye maji ya uvuguvugu yanayofika tumboni tu, kisha mkaushe vizuri. Kumwacha mbichi kwenye baridi hii ni kuanza upya.

Vitafunwa. Hapa ndipo ninapotaka uwaite watoto mezani, mfanye hesabu.

Sindano alipokuwa mzima alikuwa na gramu 400 hivi. Mtu wa kilo 60 ni mzito kuliko yeye mara 150. Punje moja ya karanga ni kama nusu gramu, kwa hiyo kwake ni sawa na wewe kula gramu 75, gao zima. Punje saba ni zaidi ya nusu kilo. Kila usiku, baada ya chakula cha usiku! Ndiyo maana hawezi kujikunja wote. Na kujikunja ndiyo kinga yake pekee, hana mbio wala kelele wala sumu. Mtazame kutoka juu: mwenye afya anafanana na tone la maji, pua nyembamba, nyonga pana. Wako nadhani ni kitumbua. Mgeuze utaona mikunjo ya mafuta makwapani. Mafuta hayo yakifika kwenye ini, habari inakuwa nyingine.

Karanga ina ubaya wa pili: huganda juu, kwenye kaakaa, mnyama akabaki anajikuna mdomo na watu wakidhani anacheza. Hivyo karanga zikome, hata moja. Parachichi likome. Najua Njiro yanaoza chini na roho inauma, lakini lina kitu kinaitwa pasini kinachodhuru ndege, sungura na mbuzi. Kwa kalunguyeye hatuna sababu ya kujaribu. Zabibu, chokoleti, vitunguu vya aina zote, machungwa na ndimu, orodha ni hiyohiyo.

Maziwa nina habari nayo. Nikiwa na miaka kumi, mimi na kaka yangu tuliokota mtoto wa kalunguyeye kwenye migomba, tukampa maziwa ya ng'ombe kwenye kisahani, kwa mapenzi yote. Aliyanywa yote. Usiku akaharisha, kesho yake jioni tukamzika palepale tulipomwokota. Tumbo lao haliwezi maziwa. Mpe maji.

Msingi ubaki chakula kikavu cha paka. Soma nyuma ya mfuko: protini asilimia 30 hadi 35, mafuta yasizidi 15. Kijiko kimoja cha mezani kwa usiku kinamtosha. Usimfungishe ili apungue haraka. Kalunguyeye akiacha kula ghafla ini linaharibika upesi kuliko la kwetu. Ondoa vya ziada, rudisha gurudumu, uzito utashuka wenyewe taratibu.

Kitafunwa chake cha haki ni mdudu. Siku hizi wafugaji wengi wa kuku wanafuga funza wa nzi weusi kwa ajili ya kulishia. Tafuta mmoja, umuulize anawalisha nini, na kama ni mabaki ya mboga na matunda mwombe kiganja kimoja. Funza hao wana kalsiamu nyingi, jambo ambalo wadudu wengi wa kufugwa wamepungukiwa. Nyenje wa kufugwa pia ni wazuri, wana nyama nyingi na mafuta machache. Wale viwavi wa manjano wanaofugwa kwenye pumba anawapenda kama watoto wanavyopenda pipi, na ni mafuta matupu, basi wahesabu kama pipi. Kwa hali aliyo nayo mpe wadudu watatu au wanne, mara mbili kwa wiki. Siku nyingine yai la kuchemsha au kuku wa kuchemsha asiye na chumvi, kipande cha ukubwa wa njegere. Tunda ni tikiti, papai au ndizi mbivu, ukubwa uleule, mara moja kwa wiki. Ukubwa wa njegere, mwanangu, siyo ukubwa wa huruma.

Na msimwekee mkononi wala kwenye bakuli. Wape watoto kazi ya kumfichia. Viraka vya kitambaa kisichotoka nyuzi, vimerundikwa kwenye beseni, mdudu mmoja chini ya hiki, mwingine chini ya kile, kisha zimeni taa mkae kimya. Mtamsikia anavyopuliza pua kama jiko la mchina. Watoto wangu walipokuwa wadogo hakuna televisheni iliyoshinda hiyo. Lakini wetu alikuwa wa bustanini, akija na kuondoka atakavyo.

Senene hawakuwa sumu, na lile povu lisikutishe tena. Kalunguyeye akikutana na harufu ngeni huitafuna, hutengeneza povu la mate, kisha hujipaka miibani. Anaweza kufanya hivyo kwa sabuni, kwa kiatu cha mumeo, kwa kitu chochote. Ulipomwosha ulimfutia kazi yake yote. Tatizo la senene ni jingine: wa kukaangwa wana chumvi na mafuta, na wa kuokota chini ya taa hujui wamepita shamba gani lililopuliziwa dawa. Kumbikumbi wa mvua vilevile. Mshukuru jirani, mle wenyewe.

Kuna jambo hukuniuliza. Kwa sheria za hapa kalunguyeye ni mnyamapori, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kukaa na mnyamapori hai bila kibali. Kuachiwa na mpangaji hakukutoi humo. Pekua makaratasi yake, huenda alikuwa na kitu. Kiwepo kisiwepo, nenda kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya au ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, ueleze ulivyompata na daftari ukiwa nalo mkononi, usikie watakavyoelekeza. Ni vizuri zaidi uende wewe kuliko waje wao. Kumwachia vichakani kimyakimya usifanye: amezoea bakuli, mnene, mguu unauma, na mbwa wa Njiro nawajua. Wala usimtafutie mwenza. Hawa huishi peke yao na wakiwekwa pamoja huumizana, achilia mbali kwamba kumkamata wa porini ni kosa jipya juu ya lile la zamani.

Kwa hiyo anza na joto na daktari leo, wanyamapori wiki hii, ndoo Jumamosi shemeji akiwa na nafasi. Endelea na daftari la Mholanzi, kila Jumapili, mizani ileile ya keki, Sindano akiwa ndani ya bakuli lililopimwa kwanza. Baada ya wiki nne niandikie namba.

Lile la nondo usilitupe, shemeji atajisikia vibaya. Lisimamishe uani, upandie pesheni.